Nibu ya titani kwa mwenye mkono mzito

Ndugu, umeuliza kama uitoe nibu, yaani ncha ya kuandikia, ya chuma cha pua kwenye kalamu yako ya wino uweke ya metali ya titani, na umesema mkono wako ni mzito, yaani unakandamiza sana ukiandika. Kwa mkono huo, subiri kwanza.

Titani inapinda kirahisi. Ukikandamiza kidogo meno mawili ya nibu yanaachana, wino unashuka kwa wingi na mstari unanenepa. Ni raha kweli, hasa kwenye sahihi na barua. Ila ukizidisha, meno hayarudi tena mahali pake. Yangu ya kwanza niliiharibu hivyo, nikijaza fomu ya nakala tatu yenye karatasi ya kaboni, na iliniuma sana.

Kitu kingine ni mguso. Karatasi unaisikia chini ya mkono, karibu kama unaandika kwa penseli. Mimi naupenda mno mguso huo, ingawa wapo wanaosema inakwaruza. Punje inayogusa karatasi yenyewe si titani, ni metali ngumu zaidi iliyochomelewa nchani.

Kampuni ya kalamu ya Parker walitengeneza kalamu ya titani, T-1, mwaka 1970, wakaiacha mwaka uliofuata. Siku hizi nibu nyingi za titani zinatoka kwa kampuni ya Bock, Ujerumani.

Ukiamua kununua, chukua nyembamba kuliko uliyozoea, maana inamwaga wino. Kwenye daftari la bei rahisi wino utavuja hadi upande wa pili. Na fomu za kaboni jazia bolpeni.