Choo bado cheusi siku ya nne baada ya mshipa kuzibwa: je, baba anavuja damu tena?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu, miaka 62, alitapika damu nyingi kwa sababu ya kidonda cha duodenamu, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Endoskopi (kamera inayopitishwa mdomoni) ilishindwa kuizuia, wakapitisha katheta, mrija mwembamba, kwenye kinena na kuziba mshipa kwa koili, yaani vizibo vya waya uliojikunja. Leo ni siku ya nne, bado tuko wodini. Choo ni cheusi na analalamika maumivu juu ya kitovu. Je, koili zimeshindwa?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza.

Weusi wa choo peke yake usikutishe. Damu iliyomwagika kabla ya mshipa kuzibwa huchukua siku kadhaa kutoka. Angalia kama weusi unapungua siku hadi siku. Kikiendelea kuwa laini kama lami, kinanata na harufu yake ni kali, au kikichanganyika na wekundu, huenda damu inavuja upya. Vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, ila hakinati hivyo.

Mimi huamini zaidi mapigo ya moyo. Yakizidi 100 kwa dakika akiwa amelala, akitoka jasho la baridi au akaona kizunguzungu akiinuka, mwite muuguzi papo hapo, himoglobini (kiwango cha damu) ipimwe. Takriban wagonjwa 3 kati ya 10 huvuja tena, wengi wao ndani ya siku chache za mwanzo. Duodenamu hupokea damu kutoka juu na kutoka chini. Ukiziba upande mmoja, damu huzunguka na kuingia kwa upande wa pili. Ndiyo maana tunaweka koili pande zote mbili za mahali panapovuja.

Wingi huo wa njia ndio pia unaofanya utumbo usife kwa kukosa damu. Lakini kama baba aliwahi kupasuliwa tumbo la juu au kupigwa mionzi hapo, njia zimepungua, kwa hiyo waambie madaktari leo. Maumivu madogo yanayofifia hayana shida. Yakizidi saa hadi saa, tumbo likakakamaa, homa ikapanda, daktari wa upasuaji amwone usiku huohuo. Tazama na kinena: uvimbe unaokua au mguu kuwa baridi ni dharura.

Wiki au miezi baadaye, akianza kutapika chakula alichokula muda mrefu uliopita, arudi. Duodenamu inaweza kuwa imesinyaa.

Koili huziba mshipa tu, kidonda bado kipo. Amalize omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, apimwe bakteria wa Helicobacter pylori, na kama alikuwa anameza diklofenaki kwa maumivu ya mgongo au magoti, asiirudie.