Maswali ya wasomaji: sare za duka moja

*Habari za kazi. Mwanangu yuko darasa la nne shule binafsi hapa Arusha. Shule imetuelekeza tununue sare zote duka moja mjini: sketi ya marinda 28,000, shati 18,000, sweta lenye nembo 38,000. Fundi wa jirani anasema sketi ileile atanishonea kwa 15,000, kitambaa akinunua yeye. Mwalimu wa darasa kanijibu kwamba rangi haitafanana. Ni kweli, au wananibana tu?*
Mama wa wawili, Sakina

Mama, hoja ya rangi ni ya kweli, ila inatibika. Kitambaa cha bluu cha kiwanda kilekile hutofautiana jora kwa jora, kwa sababu kila mkupuo wa rangi huchovywa peke yake. Usiende dukani na jina la rangi kichwani. Fumua pindo la sketi ya zamani kwa ndani, mahali jua halijafika, ukate kipande cha ukubwa wa kiberiti. Kilinganishe na jora nje ya duka, juani. Taa za dukani zinadanganya: bluu mbili zinazofanana chini ya taa zinaweza kuachana kabisa kwenye uwanja wa shule.

Baada ya rangi, jua kitambaa ni cha nini. Chomoa nyuzi mbili tatu kutoka kwenye kile kipande, uzichome kwa njiti. Zikinuka kama karatasi na kuacha jivu laini, ni pamba. Zikiyeyuka na kuganda kijipira kigumu, ni poliesta. Vikitokea vyote viwili, ni mchanganyiko. Kwa sketi ya marinda chukua chenye poliesta nyingi, kwa kuwa rinda likishapigwa pasi linakaa. Marinda ya pamba tupu yanafunguka kila ukifua, na utapiga pasi hadi uchoke.

Sasa ile bei ya 15,000. Kabla hujashangilia, muulize fundi kitambaa mita ngapi. Sketi ya marinda kamili inakula upana mara tatu ya nyonga. Mtoto mwenye nyonga ya inchi 30 anahitaji inchi 90: marinda 30, kila moja linaonekana inchi moja na kuficha mbili. Kitambaa cha upana wa inchi 60 hakitoshi kwa pande moja. Zinatakiwa pande mbili, ziunganishwe. Urefu wa sketi ukiwa inchi 22, ongeza 3 za pindo na 1 ya juu, upate 26. Zidisha kwa mbili, ni inchi 52, kwa hiyo mita moja na nusu inatosha, na kipande kinachobaki pembeni ndicho mkanda wa kiuno. Fundi akikuambia mita moja inatosha, anapanga kutumia pande moja tu, yaani mara mbili ya nyonga. Marinda yatakuwa mepesi, yatapanuka mtoto akikaa, na hapo mwalimu atasema kweli sketi haifanani. Mara nyingi tofauti ya bei kati ya fundi na duka imejificha hapo, kwa hiyo linganisha sketi ya mita moja na nusu kwa sketi ya mita moja na nusu.

Mwambie pia ayashone marinda kutoka kiunoni kushuka inchi tatu hivi, ndani apige ovaloki (mshono wa kuzuia kingo zisifumuke), na zipu aishone mara mbili chini inapoishia, maana ndipo inapochanika kwanza. Pindo liwe inchi 3 kamili. Mtoto wa umri huo anaongezeka kama sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka, hivyo pindo hilo likikunjuliwa linakuvusha mwaka mwingine. Ukilikunjua utaona mstari wa pindo la zamani; pitishia cherehani mstari mmoja juu yake na hautaonekana tena.

Shati jeupe halina sababu yoyote ya kununuliwa duka moja. Mita moja ya upana wa inchi 60 inatosha shati la mikono mifupi la mtoto wa darasa la nne. Kama ni pamba tupu, loweka kitambaa usiku kucha na kukikausha kabla ya kukata, la sivyo kitarudi, yaani kitapungua, baada ya kushonwa.

Sweta ni habari nyingine. Nembo imedariziwa moja kwa moja kwenye sweta, na hiyo ndiyo kufuli yenyewe. Hilo nunua dukani kwa sasa, lakini peleka ombi shuleni: nembo iuzwe peke yake kama beji ya kushonea. Mzazi atanunua sweta la rangi hiyo popote, na mtoto akilizidi, beji inabanduliwa na kuhamia sweta jingine. Ombi hilo ni dogo, na shule inayolikataa inapaswa kuwaeleza wazazi sababu.

*Kijana wangu amechaguliwa kidato cha kwanza shule ya kata. Fomu ya kujiunga imetaja duka la kununulia sare. Nimekwenda, saizi yake imeisha, wanasema nisubiri wiki mbili. Shuleni wanamrudisha getini kila siku. Nifanyeje?*
Baba, Pasua, Moshi

Baba, tatizo la kwanza ni masomo anayoyakosa, kwa hiyo anza na hilo. Lipa duka kianzio, udai risiti iliyoandikwa saizi na tarehe ya kuchukua. Nenda nayo kwa mkuu wa shule, wewe mwenyewe, usimtume mtoto, ukaombe kibali cha muda cha maandishi: mwanafunzi ataingia darasani na shati jeupe na suruali ya rangi inayokaribiana hadi tarehe fulani. Mlinzi wa getini hana mamlaka ya kukubali maelezo ya mdomo, lakini karatasi yenye muhuri ataiheshimu.

Kisha soma fomu upya, neno kwa neno. Kuna fomu inayosema sare "inapatikana" duka fulani, na kuna inayosema "lazima inunuliwe" huko. Ya kwanza inakuelekeza tu, hivyo shona kwa fundi kwa kufuata maelezo ya rangi na mshono. Ya pili ndiyo ya kuhoji. Tangu 2016 ada imeondolewa shule za serikali hadi kidato cha nne, lakini sare imebaki juu ya mzazi, na kwa familia nyingi ndiyo gharama kubwa ya Januari. Mzigo ukiwa wa mzazi, ni haki achague pa kuununua.

Andika barua ya ukurasa mmoja: tarehe uliyokwenda dukani, jibu ulilopewa, siku ambazo mtoto amerudishwa, na ombi moja tu, kwamba uruhusiwe kushona kwingine kwa sampuli ya shule. Iende kwa mkuu wa shule, nakala kwa bodi ya shule na afisa elimu kata. Ikikaa bila jibu, inapanda kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, barua inaweza kuambiwa haikufika.

Wasomaji kadhaa wanashauri suala kama hili lipelekwe Tume ya Ushindani, chombo cha serikali kinacholinda ushindani wa biashara. Ni kweli Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza makubaliano yanayobana ushindani, lakini inaangalia yale yenye athari ya maana sokoni. Shule moja na duka moja ni kesi ndogo kwa kipimo hicho. Bodi ya shule itakusaidia mapema zaidi.

*Sweta la mwanangu limetoa vipele na rangi imechuja kwenye shati jeupe kwa ufuaji wa kwanza. Duka wamebandika tangazo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi.*
Mama, Ngarenaro

Tenganisha mambo mawili. Vipele vinavyotokea makwapani na kwenye mikono ni msuguano wa nyuzi za akriliki (sufu ya bandia). Karibu masweta yote ya akriliki yanafanya hivyo, na hapo huna dai kubwa. Rangi kuchuja kwa ufuaji wa kwanza wa maji baridi ni kasoro ya bidhaa. Vivyo hivyo mshono kufumuka au kitambaa kutofanana na sampuli iliyoonyeshwa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka bidhaa ilingane na maelezo na sampuli yake, na ifae kwa kazi iliyonunuliwa. Tangazo la ukutani haliwezi kuifanya kasoro hiyo iwe kosa lako. Rudi na sweta, shati lililochafuka na risiti ya EFD (mashine ya kodi), mapema, kabla ya kulifua mara ya pili. Kama hukupewa risiti, ushahidi wako ni mdogo, na mara ijayo usitoke dukani bila hiyo.

Sweta la akriliki lisiguswe na pasi ya mkaa. Joto lake huwezi kulipima, na nyuzi zikiyeyuka zinang'aa moja kwa moja.

*Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule. Tunataka sare zifanane bila kuwafunga wazazi. Tuanzie wapi?*
Mjumbe, Majengo, Moshi

Anzeni na karatasi moja ya maelezo ya sare, isiyo na jina la duka: aina ya kitambaa, idadi ya marinda, mifuko mingapi, kola ya namna gani, na kipande halisi cha kitambaa kimebanwa pembeni. Sampuli moja ya kila vazi ibaki ofisini, imegongwa muhuri, fundi yeyote aje aione. Tangazeni kwa wauzaji na mafundi, mpate wasiopungua watatu, na kila mmoja aandike bei, tarehe ya kukabidhi na siku za kubadilisha saizi. Siku 14 zinatosha. Shule isipokee asilimia yoyote ya mauzo. Ikipokea, haitakuwa na mdomo wa kulalamika duka likileta bidhaa mbovu.

Vipimo vichukuliwe Oktoba, kabla shule hazijafungwa. Mkisubiri Desemba mmechelewa: mafundi wengi wa Moshi wanafunga kuelekea Krismasi na kurudi baada ya mwaka mpya, na waliobaki wana foleni. Vipimeni vifua, viuno na nyonga kwa futikamba, msitumie umri, kwa sababu saizi zinazoisha haraka ni za katikati, na muuzaji asiyepewa hesabu ataleta kila saizi kwa idadi sawa.

Mkiamua kubadili rangi, tangazeni mwaka mmoja kabla, na mruhusu sare ya zamani ivaliwe hadi imalizike, kwa madarasa yote, wakiwemo wadogo wanaorithi za kaka na dada zao.