Wazee Kwenda Kuona Kiwanja cha Mazembe: Majibu kwa Wasomaji

Sisi ni kikundi cha wazee 24 wa Likasi. Tunataka kushuka Lubumbashi na kurudi siku hiyohiyo, tuzunguke kiwanja cha klabu ya soka ya TP Mazembe kule Kamalondo. Wanne wanatembelea fimbo, mmoja anatumia kiti cha magurudumu. Tuanzie wapi? (Mama mratibu, Likasi)

Mama, anzieni na barua, basi litafuata. Kiwanja ni mali ya klabu, kwa hiyo ruhusa inatoka kwa klabu, wala si kwa mlinzi wa mlangoni. Andikeni idadi yenu, wangapi wana fimbo, nani ana kiti, tarehe mnayotaka na ya pili ya akiba, pamoja na namba ya simu. Pelekeni nakala mbili: moja inabaki, nyingine inarudi kwenu na muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, siku ya safari hamna cha kuonyesha.

Tarehe isiguse mechi. Epukeni hata siku inayotangulia mechi, maana timu ngeni mara nyingi hupewa kiwanja jioni hiyo kufanya mazoezi. Juni na Julai ndiyo miezi ninayoipendelea: hakuna mvua na jua si kali, ila asubuhi baridi inauma, kila mzee abebe sweta. Septemba na Oktoba joto ni kubwa, acheni.

Kutoka Likasi ni kilomita kama 120, na barabara mnagawana na malori ya madini. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Basi dogo la viti 29 linaonekana linatosha watu 24 na wasaidizi wao, lakini hesabuni vile viti vya kukunja vya katikati. Havina mgongo wa kutosha, na mzee mmoja akitaka kushuka kujisaidia, wote walioketi pale wanasimama. Viti hivyo wakae wasaidizi vijana, au kodini basi kubwa zaidi. Kiti cha magurudumu kinakunjwa na kufungwa kwa kamba; kisiachwe huru nyuma ya vichwa vya watu. Simameni mara moja njiani, mahali penye choo mlichokwisha kukiulizia.

Baba yangu ana magoti mabovu. Ngazi za jukwaani atazimudu? (Kijana wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

Ndugu, kupanda kunachosha pumzi, lakini goti linaumia zaidi wakati wa kushuka, na ndiko wazee wanakoanguka. Mfundishe hivi: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, fimbo na mguu mgonjwa vinatangulia. Mkono mmoja ushike reli. Wewe ukimsaidia kushuka, kaa ngazi moja chini yake, ubavuni kidogo, usimvute mkono kutoka mbele.

Si lazima afike juu. Ombeni mkae safu za chini kwa dakika 15 kabla ya kuzunguka vyumba vya kuvalia na njia ya wachezaji. Vikundi vingi hufanya kinyume, vinatembea kwanza, na jukwaani wazee wanafika wamekwisha nguvu.

Mkiruhusiwa kukanyaga uwanja, kumbukeni majani yale ni ya bandia. Kiatu hakitelezi juu yake kama kwenye nyasi; kinanasa. Mzee anayeburuta mguu anajikwaa, basi ainue unyayo. Kagueni raba ya ncha ya fimbo, ikiwa imelika badilisheni kabla ya safari. Nyuzi za plastiki hushika joto la jua kuliko nyasi, kwa hiyo uwanjani muingie kabla ya saa nne.

Mama yangu anakunywa dawa ya presha inayomkojoza. Siku ya safari aiache? (Msomaji wa Kamalondo)

Asiiache kwa uamuzi wake. Aende kwa daktari wiki moja kabla, aulize kama saa ya kunywa inaweza kusogezwa. Wala asijinyime maji kwa kuogopa choo: kizunguzungu kwenye ngazi ni hatari kubwa kuliko kusimamisha basi. Mwenye sukari ale saa zake za kawaida, hata kama bukari (ugali) na samaki mlioagiza havijafika. Abebe ndizi au mkate.

Nkambo (babu) wangu anasema kombe la Afrika la 1967 lilichukuliwa kwenye kiwanja hiki. Ni kweli? (Mwanafunzi, Lubumbashi)

Kombe la klabu bingwa Afrika ni kweli, kiwanja sicho. Mwaka 1967 klabu iliitwa bado Tout Puissant Englebert, na fainali ilikuwa dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana: sare mbili, kisha Kotoko hawakutokea kwenye mechi ya tatu ya kuamua mshindi. Mwaka 1968 wakatwaa tena mbele ya Étoile Filante ya Togo. Kiwanja cha Kamalondo kilifunguliwa mwaka 2011. Hata zile 5-0 za fainali dhidi ya Espérance ya Tunisia mwaka 2010 zilifungwa kwenye kiwanja cha Kibassa Maliba. Kamalondo ilipata fainali yake ya kombe hilo mwaka 2015, USM Alger ya Algeria walipolala 2-0, Mbwana Samatta akifunga kwa penalti.

Usimkatize nkambo mbele ya wenzake. Aliyekuwa na miaka 15 wakati ule amezaliwa 1952, na majina ya wachezaji wa Englebert anayo kichwani. Beba daftari, umwombe akutajie kumi na mmoja wale mkiwa mmeketi jukwaani.