Swali la Lugha: "Nashiriki nanyi ushuhuda"

SWALI: Mimi ni mmoja wa wasimamizi wa kundi la mtandaoni la watu wanaouguza wazazi wao. Tumo wa dini mbalimbali, na wengine hawana dini. Kanuni yetu inasema: "Ruksa kushiriki uzoefu wa kiimani, marufuku kuhubiri." Juzi mwanakundi mmoja alileta ujumbe unaoanza na "Nashiriki nanyi ushuhuda". Msimamizi mwenzangu akaufuta kwa kuwa ni mahubiri. Mwenye ujumbe amekasirika, anasema ushuhuda si mahubiri. Nani anatumia maneno sawasawa? Nimekuambatishia ujumbe wenyewe.

JIBU: Kabla sijaingia kwenye ugomvi wenu, nina neno na hicho "kushiriki", maana ndicho kilichowaponza tangu kwenye kanuni.

Kushiriki ni kuwa na fungu katika jambo ambalo wengine nao wamo. Mtu hushiriki mazishi, hushiriki mkutano, hushiriki uchaguzi. Jambo lipo, naye anaingia. Sasa huyu anayesema "nashiriki ushuhuda wangu" anaingia wapi? Yaliyompata yalimpata yeye peke yake. Kwa Kiswahili ametuambia kwamba anahudhuria ushuhuda wake mwenyewe, na hapo kila anayeijua lugha hii angepaswa kumsimamisha amuulize: una maana gani, ndugu yangu?

Programu za simu zilipotafsiriwa, kwenye kitufe cha kusambaza picha kukaandikwa "Shiriki", na watu wakakibonyeza mpaka kikawaingia mdomoni. Leo mtu anashiriki picha, anashiriki mapishi, anashiriki mawazo, anashiriki huzuni. Kiswahili hakikupungukiwa hata kidogo. Tuna kusimulia, kueleza, kuhadithia, kushuhudia, kutoa ushuhuda. Picha husambazwa au hutumwa. Chakula hugawanwa. Hata wanaosema "kushea" siwagombezi sana, kwa sababu neno lao halijakalia kiti cha neno jingine. "Kushiriki" limekikalia, na mwenye kiti amebaki amesimama: siku hizi ukiandika "alishiriki hotuba", msomaji hajui kama mtu huyo alikuwa mmoja wa waliohutubu au aliirusha mtandaoni.

Wapo watakaoniambia dawa ni "nawashirikisha". Kisarufi wamepona, kwa kuwa kauli ya kutendesha imeingia: nawafanya nyinyi muwe na fungu. Lakini hebu sikiliza kinachosemwa. Ukimshirikisha mtu biashara, umemtia ndani yake, faida na hasara. Mtu hatiwi ndani ya jambo bila kuulizwa. Ukiwaambia watu mia kwamba unawashirikisha imani yako, umekiri kwamba unawafanyia kitu. "Nashiriki nanyi" haikiri lolote. Inamfanya msomaji aonekane alikuwa amekwisha kukaa mezani. Ndiyo sababu neno hili linaniudhi kuliko makosa mengine mengi ya siku hizi: linaficha nani anamfanyia nani nini, na katika mambo ya dini hilo ndilo jambo la kwanza ambalo msikilizaji ana haki ya kulijua.

Kuhusu asili za maneno, nitasema kwa ufupi. Ushuhuda, ushahidi, shahidi na shahada ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu, na kiini chake ni kuwapo mahali na kuona. Kuhubiri nako kumetoka nyumba moja na "habari": ni kupasha habari. Kwa asili, basi, maneno haya mawili hayana uadui. Waislamu wana kulingania, Wakristo wana kuinjilisha, na yote mawili ni maneno ya heshima kwa sababu yanasema wazi yanachofanya. Anayesema "nimekuja kuwalingania" au "nimekuja kuwahubiria" amekupa nafasi ya kusema karibu au hapana.

Sasa tuusome ujumbe wenu. Nauleta wote, maana haukustahili kufutwa bila kusomwa:

"Wapendwa, nashiriki nanyi ushuhuda. Mama yangu alikaa siku nyingi hajitambui. Usiku nilikuwa nakaa kando ya kitanda nikisali, hata maneno yaliponikauka nikawa nataja jina lake tu. Asubuhi moja akafumbua macho, akaomba maji. Nililia. Sasa wewe unayemuuguza mzazi bila Mungu, unangoja nini? Mpe maisha yako leo upokee muujiza wako. Andika AMINA, kisha njoo inboksi nikuelekeze."

Tazama vitenzi. Mpaka kwenye "Nililia", kila kitenzi ni cha mama, cha mtoto wake, au cha maneno yaliyomkauka mtoto huyo: alikaa, nilikuwa nakaa, yaliponikauka, akafumbua, akaomba, nililia. Hakuna anayeweza kumwambia mtu huyu kwamba hakusali au hakulia. Ni shahidi, na anasema ya ushahidi wake. Msomaji wa dini yoyote, hata asiye na dini, anaweza kukaa naye kando ya kile kitanda bila kuombwa kitu.

Kisha yanakuja maneno mawili: "Sasa wewe". Ningewaomba wasimamizi wote wa makundi wayajue maneno haya mawili kama wanavyoyajua majina yao. "Sasa" hiyo haihusu wakati. Haisemi saa hizi wala siku hizi. Ni bawaba: mlango ulikuwa umefunguka upande wa msimulizi, sasa unafungukia upande wako. Baada yake nafsi ya kwanza haipo tena. Kuna unayemuuguza, unangoja, mpe, upokee, andika, njoo. Ni maswali ya kubana na amri tupu. Na pale mwisho "ni-" inaporudi, inarudi imemshika mtu mkono: ni-ku-elekeze. Mtu aliyekuwa akisimulia yaliyompata sasa anasema atakachokutendea wewe.

Hayo ndiyo mahubiri, na mpaka wenyewe uko hapo, kwenye "Sasa wewe". Si kutajwa kwa Mungu, si sala, wala si muujiza. Ni nafsi ya kitenzi.

Wala sikuuchora mpaka huu mimi. Katika sura ya tisa ya Injili ya Yohana yumo mtu aliyezaliwa kipofu, akaponywa na Yesu. Mafarisayo, wakuu wa dini, wanamhoji, wanawahoji wazazi wake, wanamrudia tena. Wanapotaka atoe hukumu juu ya aliyemponya, kama ni mwenye dhambi, anasema hilo halijui; analojua ni kwamba alikuwa kipofu na sasa anaona. Anabaki kwenye "ni-" yake. Ni pale tu wanapomshikilia awaeleze mara nyingine ndipo anapowageukia kwa "ninyi", tena kwa swali: je, nao wanataka kuwa wanafunzi wake? Wakamfukuza. Yaani hata shahidi bora kuliko wote, aliyehojiwa tena na tena, alipovuka kwenda nafsi ya pili mazungumzo yakavunjika. Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya tatu, unawataka waumini wawe tayari kumjibu kila mtu "awaulizaye", tena kwa upole. Kiambishi hicho cha mwisho, -ye, kimebeba nusu ya adabu ya jambo hili: huyo anayeuliza. Na Kurani, katika Sura An-Nahl aya ya 125, inaagiza kuita kwa hekima na mawaidha mema. Kuita huko kunajitaja kwa jina lake.

Wanasheria nao wamehangaika na mpaka huu. Mwaka 1993 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi ya Kokkinakis dhidi ya Ugiriki, ya Shahidi wa Yehova aliyehukumiwa kwa kwenda kuzungumza dini nyumbani kwa mtu. Mahakama ilimpa haki. Hata hivyo ilitenganisha kutoa ushuhuda na kushawishi kusikofaa, na kati ya mifano ya kusikofaa ikataja kuwasukuma watu walio katika dhiki au uhitaji. Kundi lenu lote ni watu walio katika dhiki. Yumo humo mtu aliyesali kando ya kitanda vilevile, na mama yake hakufumbua macho. Akifika kwenye "Sasa wewe unayemuuguza mzazi bila Mungu", anasoma kwamba mama alikufa kwa upungufu wake yeye. Mwandishi hakukusudia hivyo, naamini, lakini sentensi yake imekwisha kusema.

Mjihadhari pia na "tu-". Kiambishi chetu hiki hakibagui kati ya "sisi pamoja nawe" na "sisi bila wewe". "Sote tunajua kwamba Mungu ndiye mponyaji" ni mahubiri yasiyo na "wewe" hata moja: yamekuhesabu kabla hujasema umo.

Lakini msimamizi mwenzako naye simwachi. Kumekuwa na mtindo wa kutumia "anahubiri" kama tusi kwa kila anayemtaja Mungu. Mtu akiandika kwamba usiku wa upasuaji rozari ilimtuliza, au kwamba sala ya alfajiri ndiyo iliyomwamsha kila siku, anajibiwa "hapa si kanisani" au "hapa si msikitini". Huo ni uonevu. Mtu anayeuguza ana haki ya kusema kilichomshika asianguke. Ukimwambia asimulie dawa, usingizi na gharama lakini asitaje sala, umemwamuru asimulie maisha ya mtu mwingine. Na mwenzake akimuuliza, "Ulisali nini?", amjibu kwa kirefu apendavyo, hapo hapo mbele ya wote. Ameulizwa.

Kwa hiyo mwenye ujumbe amekosea kuuita wote ushuhuda, na aliyeufuta amekosea kuuita wote mahubiri. Urudisheni hadi "Nililia". Yaliyobaki mwombeni ayaondoe mwenyewe, kwa mkono wake, na mumweleze sababu kwa upole. Aliyekesha usiku wote huo hastahili kufutwa na mtu asiyemsemesha. Kanuni nayo iandikeni upya: "Simulia yaliyokupata, pamoja na imani yako. Usimwite mwenzako kwenye imani hiyo ila akikuuliza." Na hilo "kushiriki", nawasihi, liondoeni leo hii.