Mashine ya gemu ya kubeba begani, kwa mfuko wa mwanafunzi

SWALI: Habari za kazi. Niko mwaka wa pili chuoni na nina shilingi 1,200,000. Natafuta kompyuta mpakato ya kuandikia kazi za darasani, na usiku nicheze EA FC 24 na GTA V. Napanda daladala kila siku, kwa hiyo isiwe nzito. Dukani wamenionyesha mpya yenye Ryzen 5 7520U na RAM GB 8. Pia nimeona ya mtumba yenye Ryzen 5 5600H. Muuzaji anasema 7520 ni kubwa kuliko 5600, nichukue mpya. Ni kweli?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Usiichukue hiyo mpya. Kwenye prosesa za AMD za mtindo huo, tarakimu ya kwanza inataja mwaka wa toleo tu, na 7 ni toleo la 2023. Umri halisi wa chipu unaujua kwa tarakimu ya tatu. Hapo 7520U ina 2, yaani usanifu wa Zen 2, ambao ni wa mwaka 2019. Ina viini vinne, na grafiki yake ya ndani, Radeon 610M, ni dhaifu mno. Kuandika na kutazama video itaweza, FC 24 itakutesa. Isitoshe, RAM yake imechomelewa kwenye madabodi, kwa hiyo hizo GB 8 ndizo utakazokaa nazo mpaka siku unaiuza.

5600H ni ya mtindo wa majina wa awali, usiisome kwa kanuni hiyo. Ni Zen 3 yenye viini sita. Herufi ya mwisho nayo isome: H ni prosesa ya wati nyingi, kwa kawaida 45, na U ni ya kubana umeme, kwa kawaida 15. Hata hivyo gemu haichezwi na prosesa peke yake. Muulize mwenye hiyo ya mtumba ina kadi gani ya grafiki. FC 24 inataka angalau kadi ya NVIDIA GTX 1050 Ti ya GB 4, RAM GB 8 na nafasi ya GB 100 kwenye diski. GTA V ilifika kwenye kompyuta mwaka 2015 na inaridhika na kadi ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo pima kwa FC, GTA V itafuata yenyewe.

Kama ile ya mtumba ina GTX 1650, ni mashine nzuri kwa gemu zako. Tatizo ni uzito. Mashine za gemu za daraja hilo zenye kioo cha inchi 15.6 hukaribia au kupita kilo 2.3, na chaja hujahesabu. Watu wengi hupima mashine wakasahau chaja, na kwenye daladala vyote viwili viko begani.

Ushauri wetu kwa fedha hiyo ni kuangalia upande ambao wacheza gemu hawauangalii: mashine za wahandisi na wachoraji zinazoshuka kwenye mzigo wa maofisi ya Uingereza. Tafuta Dell Precision 5540 au Lenovo ThinkPad P1 Gen 2, zote za mwaka 2019. Zina kioo cha inchi 15.6, hazifiki kilo 2, na nyingi zina kadi ya Quadro (jina la NVIDIA kwa kadi za kazi) T1000 au T2000 yenye GB 4. Kadi hizo ni za familia moja na GTX 1650. Kwa kuwa zimeandikwa Quadro, anayetafuta stika ya RTX, ya kadi za gemu, anazipita, na bei yake inabaki ya mashine ya ofisi. T2000 ndiyo ya kutafuta kwanza. T1000 iko nyuma kidogo, nayo itakutosha.

Kuwa makini na Precision 5530 ya mwaka 2018. Kwa sura inafanana sana na 5540 (ila kamera ya 5530 iko chini ya kioo, ya 5540 iko juu), lakini kadi zake ni P1000 au P2000 za kizazi cha nyuma, na P1000 haifiki kiwango cha FC 24. Usisome stika. Fungua Task Manager, ingia Performance, ubonyeze GPU 1 usome jina lililoandikwa juu.

RAM iwe GB 16, na bora ziwe vijiti viwili vya GB 8 kuliko kimoja cha 16. Diski ya SSD isiwe chini ya GB 512. FC inachukua GB 100, GTA V zaidi ya 70, weka Windows na kazi zako za chuo, na diski ya GB 256 imejaa kabla hujamaliza muhula. Mashine zote mbili zinafunguka chini ukaongeza RAM na SSD, kwa hiyo bei ikikubana anza na GB 8 uongeze baadaye. Kadi ya grafiki ndiyo haiongezwi. Imechomelewa, unayonunua nayo ndiyo hiyo hiyo.

SWALI: Nakuja Dar kununua mashine ya mtumba Kariakoo. Sina fundi wa kwenda naye. Nikague nini pale dukani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Omba nusu saa na meza yenye umeme. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili. Njoo na flashi yenye programu tatu ulizopakua mapema: CrystalDiskInfo ya kupima diski, HWiNFO ya kusoma joto, na FurMark ya kuikamua kadi ya grafiki.

Anza mashine ikiwa imezimwa. Iwashe uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Kitufe chake kwa Dell ni F2 na kwa Lenovo ThinkPad ni F1. Ikidai nywila, iache. Mashine za maofisi hufungwa hivyo, na kuifungua baadaye kunaweza kukulazimu ubadilishe hata madabodi. Kufuli la pili halionekani kirahisi. Kampuni nyingi huandikisha mashine zao kwenye mfumo wa Microsoft wa kuzisimamia kwa mbali. Windows iliyopo itafanya kazi vizuri, lakini siku ukiiweka upya ukiwa kwenye intaneti, inakuja skrini yenye jina la kampuni ya watu ikitaka uingie kwa barua pepe ya kazini. Mwambie muuzaji aiweke upya Windows mbele yako huku intaneti imeunganishwa, au akuandikie kwenye risiti kwamba utaruhusiwa kuirudisha ikitokea hivyo.

Ukiingia kwenye Windows, fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport. Itakuonyesha faili lilipohifadhiwa. Humo linganisha Design Capacity (uwezo wa betri ikiwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo uliobaki). Kilichobaki kikiwa chini ya asilimia 60, weka bei ya betri mpya kwenye hesabu yako na upunguziwe. Kisha weka mashine mezani uiangalie kwa ubavuni. Tachipadi ikiwa imenyanyuka, au mfuniko haukai sawa, betri imevimba. Huo ni ugonjwa unaojulikana kwa Precision nyembamba. Betri iliyovimba haitumiki, ni hatari ya moto, ibadilishwe kabla hujalipa.

CrystalDiskInfo itakwambia afya ya SSD kwa asilimia. Halafu washa HWiNFO na FurMark kwa dakika kumi. Joto la kadi likitulia kwenye nyuzi 75 hadi 85, ni sawa. Prosesa kugusa 95 kwenye mashine nyembamba si ajabu. Ikifika 100 na kasi ikaporomoka, au feni ikikwaruza, ina vumbi, au pesti (dawa ya kupitisha joto juu ya chipu) imekauka, au feni imekufa.

Chaja usiipuuze. Precision 5540 inataka ya wati 130, P1 Gen 2 ya wati 135. Chaja ya Dell ina kisindano cha katikati kinachoitambulisha kwa mashine. Kikivunjika, au chaja ikiwa ya kuiga, mashine inawaka lakini haichaji na prosesa inajishusha kasi. Wengi huitupia lawama mashine kumbe ni chaja. Kwa Dell, kwenye BIOS kuna mahali inaandikwa aina ya chaja. Soma kama wati zinalingana.

SWALI: Mimi na ndugu yangu tuna mashine za RTX 3050. Yake inacheza laini, yangu inakwama kila baada ya dakika kumi. Kadi ni ile ile, prosesa ni ile ile. Shida nini?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Jina ni moja, wati si moja. Mtengenezaji wa mashine anaruhusiwa kuilisha RTX 3050 ya mpakato kuanzia wati 35 hadi 80, na tofauti hiyo unaiona kwenye gemu. Fungua NVIDIA Control Panel, ingia System Information, tafuta Maximum Graphics Power, ulinganishe na ya ndugu yako. Ukikuta yako ni 40 na yake ni 75, hakuna fundi wa kukusaidia.

Lakini kwa kuwa yako inaanza vizuri na kukwama baada ya dakika kumi, tunashuku joto. Chumba cha Mombasa chenye nyuzi 32 hakifanani na cha Limuru chenye 18. Kila nyuzi inayoongezeka chumbani inaongezeka karibu vile vile ndani ya mashine. Hewa ya bahari nayo hugandisha vumbi kwenye mapezi ya kupozea. Fungua chini na usafishe. Ukipuliza, shika bawa la feni kwa kidole lisizunguke, maana likizungushwa kwa nguvu beringi huharibika. Kama ina zaidi ya miaka mitatu, badilisha na pesti. Unapocheza, nyanyua nyuma sentimita mbili au tatu, na usiiweke kitandani, godoro linaziba matundu ya hewa.

Halafu zuia fremu, yaani picha ambazo gemu huchora, zisizidi 60 kwa sekunde, hasa kama kioo chako ni cha herzi 60. Fremu zaidi ya hizo huzioni, zinakuletea moto tu. Joto likigoma, ingia mipangilio ya umeme ya Windows, weka kiwango cha juu cha prosesa kuwa asilimia 99. Hapo inaacha kujisukuma kupita kasi yake ya msingi, unapoteza fremu chache na joto linashuka vizuri. Na umeme ukikatika, usitarajie kasi ile ile kwa betri. Betri haiwezi kuilisha kadi wati zake zote, hakuna mpangilio wa kulitibu hilo.

SWALI: Nilinunua mashine ya i5 kizazi cha 11 nikaambiwa ina Iris Xe. Nikiangalia inaandika UHD Graphics. Nimetapeliwa?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Huenda hapana. Iris Xe, grafiki ya ndani ya Intel, inajitambulisha kwa jina hilo pale tu RAM inapofanya kazi kwa njia mbili. Kwa kijiti kimoja inajiita UHD na inapoteza nguvu nyingi. Fungua chini, na kama kuna tundu la pili lililo wazi, weka kijiti cha DDR4 chenye GB sawa na kilichopo, cha kasi ya 3200. Washa tena uangalie jina. Lisipobadilika, weka draiva mpya ya grafiki kutoka Intel.