Kijiwe cha wazee wa michezo: maswali yenu na majibu

Wasomaji kadhaa wameanzisha, au wanataka kuanzisha, vikao vya wazee kukumbushana michezo ya enzi zao: soka, riadha, ndondi, netiboli na mingineyo. Maswali tumeyafupisha. Majibu mengine ni marefu kuliko mengine, kwa sababu hapo ndipo vikao vingi hufia.

Tuwe wazee wangapi, na tukae kwa muda gani?

Sita hadi kumi. Wakiwa wanne, mmoja akiugua na mwingine akipata dharura, hakuna kikao siku hiyo. Wakizidi kumi, mazungumzo hugawanyika pembe tatu na wasiosikia vizuri huachwa nje.

Dakika 90 zinatosha: 15 za kufika na kusalimiana, 50 za mazungumzo, 10 za kunyoosha viungo, 15 za kinywaji na kuagana. Msizifupishe zile 15 za mwanzo. Mzee anayekuja mara ya kwanza huamua hapo kama atarudi. Chagueni siku moja na saa ileile, kila wiki au kila baada ya wiki mbili, na asubuhi ni bora kuliko alasiri, kwani wengi huchoka kadiri siku inavyosonga na wenye maradhi ya kusahau huanza kuhangaika jioni ikikaribia.

Waendeshaji wawe wawili. Mmoja anaongoza mazungumzo. Wa pili hasemi sana: anaangalia nani hajafungua mdomo, nani anataka kwenda msalani, nani amechoka. Mtu mmoja hawezi kazi zote mbili, hata awe hodari kiasi gani.

Viti viwe na mikono ili mzee ainuke kwa kujisukuma, vipangwe nusu duara. Kiongozi asikae dirisha likiwa mgongoni mwake: uso wake unageuka kivuli, na mzee anayetegemea kuangalia midomo hapati kitu. Zimeni redio, na feni yenye kelele pia.

Picha zipi zinafaa, na tuzichapishe kwa ukubwa gani?

Kosa la kawaida ni kijana kuleta wachezaji anaowapenda yeye. Watafiti wa kumbukumbu wameona kwamba watu wazima hukumbuka kwa wingi na kwa uwazi zaidi mambo yaliyotokea walipokuwa na umri wa kati ya miaka 10 na 30 hivi. Basi piga hesabu. Mzee aliyezaliwa 1948 alifikisha miaka 10 mwaka 1958, Pelé alipotwaa Kombe la Dunia kule Sweden akiwa na miaka 17, na alifikisha 30 mwaka 1978. Katikati ya miaka hiyo kuna Abebe Bikila akishinda marathoni ya Roma peku mwaka 1960, Kipchoge Keino akichukua dhahabu ya mita 1500 Mexico mwaka 1968, John Stephen Akhwari akimaliza marathoni ya michezo hiyohiyo akiwa na goti lililofungwa bendeji, Filbert Bayi akiongoza tangu mwanzo hadi rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, na Muhammad Ali akimwangusha George Foreman raundi ya nane Kinshasa mwaka huohuo. Andika mwaka wa kuzaliwa wa kila mzee, uongeze 10 upate mwanzo, uongeze 30 mwaka uleule wa kuzaliwa upate mwisho, na utafute vitu vya kipindi hicho.

Lakini picha za mashujaa zinafungua mlango tu. Ukitaka nyama ya mazungumzo, tafuta michezo ya mzee mwenyewe. Mpe ndugu yake karatasi ya ukurasa mmoja ajaze: timu aliyochezea au kuishabikia, namba aliyocheza, jina la utani la uwanjani, shule, picha ya timu ikiwepo. Beki wa kushoto wa timu ya shule atazungumza dakika kumi kuhusu winga aliyemsumbua, wakati picha ya Pelé inampa sentensi mbili.

Kuhusu kuchapisha: A4 ndiyo ndogo kabisa ya kushika mkononi, A3 kwa picha ya kuonyesha wote. Faili la A4 liwe na nukta (pikseli) zisizopungua 1240 kwa 1754. Chini ya hapo sura hugeuka ukungu. Tumia karatasi isiyong'aa. Wengi huzifunika picha kwa plastiki ili zidumu, halafu taa inamulika juu yake na mzee anaona mwanga mweupe badala ya uso wa mchezaji. Ukitaka zidumu, gundisha kwenye kadibodi. Majina na mwaka viandikwe nyuma, si mbele. Vikiwa mbele, mzee anasoma badala ya kukumbuka.

Toa picha moja kwa wakati. Ukimwaga ishirini mezani, watazipitisha kimya kama karata.

Zaidi ya picha, tulete nini?

Vitu vya kushika na kunusa. Mpira wa ngozi wa zamani wenye kamba ukipatikana ni hazina: kila aliyeupiga kichwa anakumbuka kamba zilivyokwaruza paji la uso, na jinsi ngozi ilivyofyonza maji ya mvua hadi mpira ukawa mzito. Leteni viatu vya njumu, filimbi ya refa, kijiti cha mbio za kupokezana, na kopo la dawa ya kuchua misuli, maana harufu yake inarudisha chumba kizima cha kubadilishia nguo. Sauti nazo zina nguvu. Wazee wengi wa rika hilo walifuata mechi kubwa kwa redio, kwa hiyo matangazo ya zamani huwagusa kuliko video. Mkitumia video, iwe dakika mbili hadi nne, kisha izimeni. Ikiachwa iendelee, kikao kinageuka sinema.

Nikiuliza "Mnakumbuka fainali ile?" wananyamaza. Nafanya nini vibaya?

Neno "mnakumbuka" ndilo tatizo. Ni mtihani, na mzee anayejua kumbukumbu zake zinapungua hataki kufeli mbele ya wenzake, hivyo ananyamaza. Vivyo hivyo "nani alifunga?", "ilikuwa mwaka gani?", "huyu ni nani?". Usiulize lolote lenye jibu moja sahihi.

Uliza yasiyo na jibu la kukosea. Badala ya "Huyu kipa ni nani?", sema: "Mtazameni kipa huyu, hana glavu. Mikono ilikuwaje baada ya mechi?" Badala ya kuuliza mwaka, toa wewe habari kisha omba maoni: "Kombe la Dunia la 1970 ndilo la kwanza kutumia kadi za njano na nyekundu. Kabla ya kadi, refa alimtiishaje mchezaji mkorofi?" Au: "Tangu 1992 kipa haruhusiwi kudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Sheria hiyo imetengeneza mchezo au imeuharibu?" Hapo hata asiyekumbuka mechi moja ana la kusema.

Ukishauliza, kaa kimya na uhesabu moyoni hadi kumi. Waendeshaji wapya hukimbilia swali la pili baada ya sekunde tatu, wakati mzee ndiyo kwanza anatafuta neno.

Mzee mmoja ana dimenshia, yaani maradhi ya kusahau. Husema alicheza timu ya taifa, na sisi tunajua hakucheza. Tumsahihishe?

Hapana. Ukimsahihisha, hatakumbuka usahihisho wako, lakini aibu itabaki naye mchana kutwa. Usimwongezee chumvi pia kwa kudai ulimwona uwanjani. Fuata hisia iliyomo ndani ya maneno yake: "Kuvaa jezi mbele ya watu wengi kulikuwaje?" Mara nyingi chini ya maneno hayo kuna mechi ya kweli, ya wilaya au ya shule, nayo ndiyo itakayotoka.

Waambie wenzake mapema, faraghani, ili asiwepo wa kumcheka. Mkalishe karibu na mwendeshaji wa pili, mbali na mlango. Anaporudia kisa kilekile, kipokee kama kipya, kisha mkabidhi kitu cha kushika ili mazungumzo yahame.

Kuna mmoja anaongea saa nzima peke yake.

Tumieni mpira. Anayezungumza ndiye aliyeushika. Akimaliza anampa jirani yake. Asiyetaka kusema anaupitisha bila kuulizwa kwa nini. Akizidi, mwendeshaji ananyoosha mkono kuuomba na kusema, "Mzee, hapo kwenye kona ngoja kwanza tumsikie na Bibi." Mpe pia kazi: awe mtunza picha, au afungue kikao kwa kisa cha dakika tatu. Mara nyingi anayejaza chumba kwa maneno anataka nafasi inayotambulika, na akiipata anatulia.

Mashabiki wa timu pinzani wamegombana juu ya nani alifunga.

Utani wa jadi uacheni, ndio unaochangamsha. Kinachoua mazungumzo ni simu: mtu akishatafuta jibu kwenye intaneti, kuna mshindi na mshindwa na hakuna tena la kusema. Andikeni swali ubaoni, lijibiwe kikao kijacho. Watarudi. Ila kama mmoja wa wabishani ana dimenshia, swali hilo lisirudi kabisa.

Akina mama hawaji.

Angalieni picha zenu. Zote zikiwa za wanaume wanaocheza soka, mmeshawajibu. Wekeni netiboli, mbio za kupokezana, kuruka juu, kurusha tufe, michezo ya shule. Ulizeni na mambo ya pembeni mwa uwanja: nani alifua jezi, nyimbo za kushangilia zilikuwa zipi, wasichana waliruhusiwa kucheza hadi umri gani. Swali hilo la mwisho hufungua mengi, na si yote ni matamu, kwa hiyo liulizwe mkiwa na muda wa kutosha.

Mzee akilia?

Usibadilishe mada haraka. Picha ya timu ina waliokufa ndani yake, na kulia ni jibu linalostahili. Mwendeshaji wa pili aketi karibu naye, amuulize kama angependa kuendelea kukaa au kutoka nje kidogo. Mpigieni simu siku inayofuata. Mkijua mapema picha fulani inamgusa mtu, muulizeni kwanza kabla ya kuitoa.

Je, vikao hivi vinatibu ugonjwa wa kusahau?

Havitibu, na anayewaahidi hivyo anawadanganya. Tafiti zilizolinganishwa zinaonyesha faida ndogo katika hali ya maisha, mawasiliano na utendaji wa akili, na matokeo hutofautiana kutokana na namna vikao vinavyoendeshwa. Kule Scotland vikao vya kumbukumbu za soka vilianza 2009, kwa ushirikiano wa makumbusho ya soka na shirika la wenye Alzheimer (aina moja ya dimenshia), na lengo lilikuwa mazungumzo na urafiki. Lengo hilo linatosha. Dawa na kliniki ziendelee kama kawaida.

Zile dakika 10 za viungo, tufanye nini?

Mpira laini wa sponji au puto, wakiwa wamekaa. Viti visiwe na magurudumu, na miguu yote miwili iguse sakafu. Dakika tatu za kurushiana kwa mikono, tatu za kusukumiana kwa mguu, zinazobaki za kuzungusha mabega na vifundo vya miguu taratibu. Puto huenda polepole, hivyo linamfaa aliyepooza upande mmoja au asiyeona vizuri. Anayeona kizunguzungu, maumivu ya kifua au pumzi kubana anaacha mara moja na anaangaliwa, wala hasubiri mwisho wa kikao.