Uzamivu wa uuguzi na njia za asili za uzazi wa mpango

SWALI: Mimi ni muuguzi mkunga mwenye shahada ya uzamili. Nataka kwenda Marekani kutafiti uzazi wa mpango wa asili, ule unaokubaliwa na Kanisa Katoliki. Nisome PhD (uzamivu wa utafiti) au DNP (uzamivu wa utendaji wa uuguzi)?

JIBU: Dada, kwa utafiti chukua PhD, ambayo huishia kwenye tasnifu. DNP ni ya utendaji: ina mradi wa kuboresha huduma, na saa zisizopungua 1,000 za mazoezi yanayosimamiwa, zikihesabiwa tangu baada ya shahada ya kwanza. Angalia Chuo Kikuu cha Marquette, cha Wajesuiti, shirika la Kikatoliki, mjini Milwaukee. Huko ndiko ilikobuniwa Njia ya Marquette, inayotumia kipimo cha homoni kwenye mkojo ili kutambua siku za rutuba.

Kazi nzito iko kwenye hesabu ya kupima ufanisi wa njia. Fahirisi ya Pearl, yaani mimba kwa kila wanawake 100 wanaotumia njia kwa mwaka, ni idadi ya mimba mara 1,200, gawanya kwa jumla ya miezi ya matumizi. Miezi ya matumizi ya wanawake wote ikiwa 1,200 na mimba zikawa 6, jibu ni 6. Kosa kubwa ni hili: mwanamke akijitoa kwenye utafiti mwezi wa tano, mtafiti anamfuta kabisa. Miezi yake ibaki, na kama alijitoa kwa sababu ya mimba, mimba hiyo ihesabiwe. Toa takwimu mbili, ya waliofuata kanuni barabara na ya matumizi ya kawaida. Ukitangaza ya kwanza peke yake, unawapotosha wanandoa watakaoitegemea.